Barua ya Utambulisho wa Jimi

Jumatatu, 9 Septemba 1974

Nimempiga Jimi brashi, nimempa ugali na dagaa, tukashuka mjini kukata tiketi ya ndege. Mtihani wa usimamizi wa swichibodi ni Ijumaa saa tatu asubuhi, Dar es Salaam. Miaka sita naunganisha simu, nasimamiwa na watu niliowafundisha mwenyewe. Basi.

Karani kagoma. Mbwa hapandi bila barua ya balozi wa nyumba kumi na cheti cha Bwana Mifugo. Nimemweleza: mimi sioni, mbwa huyu ndiye anayeniongoza, tulipotoka Ulaya, nilikofundishwa kutembea naye, alilala miguuni pangu mpaka tukatua. Akasema huko ni Ulaya. Nina hasira.

Jumanne, 10 Septemba

Bwana Mifugo kanipa cheti cha chanjo. Balozi wetu, Mzee Magesa, kaandika bila kutania, akanisomea: "Jimi ni mkazi wa shina langu. Ana tabia njema. Hajagombana na jirani." Kisha muhuri. Nilicheka, halafu nikajichukia kwa kucheka. Tiketi nimepata.

Jumatano, 11 Septemba

Hawakunipandisha.

Ofisa wa uwanja alisoma barua ya balozi, akaisifu. Kisha: "Ndugu, mbwa hana tatizo. Tatizo ni wewe. Asiyeona hasafiri bila mtu wa kumwangalia." Nikamwonyesha Jimi. "Huyo si mtu."

Mbwa ana vibali, mimi sina. Nilifoka mbele ya abiria wote na sioni aibu. Ndege ikaruka, naisikia. Wapumbavu. Natoboa nukta hizi za breli mpaka karatasi inachanika.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepanda treni ya jioni. Dada yangu Koku kanigombeza stesheni: nitafika Jumamosi, mtihani umepita, naenda kufanya nini? Kuhesabu siku najua. Sitaki waandike kwamba sikutokea. Watanikuta mlangoni, waniambie wenyewe nimechelewa.

Mkagua tiketi kamruka Jimi, akaendelea. Hakuuliza kitu.

Ijumaa, 13 Septemba

Tabora. Treni imesimama. Nimemwamkia mama wa kiti cha mbele, nikamwuliza saa.

"Saa tatu kamili, mwanangu."

Wanaanza sasa. Jimi amelala. Najibu kichwani. Kuna swali ambalo hawaliachi kamwe: simu ya mbali ikikatika watu wakiwa katikati ya maongezi, opereta afanye nini?

Aite tena.