Mto Uliokuwa Chumbani

Kwako kaka mpenzi,

Salamu nyingi. Magoti yanasemaje siku hizi? Na wifi, bado anakufukuza jikoni kwake? Sisi huku tunaamka, Mungu ashukuriwe.

Ile njia ya chini ya mto tuliyokuwa tukiisikia kama ndoto, sasa ni kweli. Kabla ya kuchimba, wenye mradi watasimamisha ukuta wa chuma majini, karibu na gati letu, na matishari ya udongo yatafungwa hapo. Ndiyo maana wakatuita sisi tunaoendesha vyombo, mimi na kivuko chetu nikiwemo, tuseme hatari ziko wapi. Mhandisi wao ni binti mpole, rika la mwanangu. Aliniomba nisimwambie la kumfurahisha.

Kaka, wana chumba chenye mto. Kuta zote ni picha: maji yanatembea, gati lile lile, hata ngazi yetu iliyovunjika. Wakanipa usukani. Nami nikavua viatu, kama ulivyonifundisha, nisikilize mbao kwa nyayo. Sakafu ikaninyamazia. Maji yanapita, mimi niko pale pale, kama mtu anayekimbia usingizini. Nikaugonga ule ukuta wa chuma pichani, taratibu, bila kishindo. Binti akanitania kwamba nimezamisha abiria wote na chai yangu haijapoa. Nikacheka na wenzangu, ila moyo haukucheka.

Wakanirudisha mwanzo. Safari hii nikafanya lile lako: nikapunguza mashine, nikauachia mkondo unibebe kando ya ukuta, nikapita. Wakapiga makofi. Binti akauliza kama kivuko basi kiendelee kuvusha watu wakati wa ujenzi.

Nikamwomba Mungu anishike ulimi, usiseme la kujipendelea. Niliwaona abiria wangu wa asubuhi, wanavyosinzia kwenye mabenchi, wameniachia roho zao.

Utasikia watu wakisema wenye mradi wametufungia kivuko. Si wao, kaka, ni mimi. Nilisema kupita mara moja si kupita kila siku, na kwamba kisimamishwe. Na njia ya chini ikifunguliwa, nani atarudi kungoja kivuko? Kazi uliyoniachia mkononi imeishia mdomoni mwangu.

Nikilala bado nasikia zile mbao zikitetemeka chini ya nyayo. Sitaki unipoze. Niambie tu kama wewe ungesema vingine.

Mungu akulindie nyumba yako. Nijibu mapema, safari ya mwisho ni mwezi ujao.

Mdogo wako,
Nahodha