Vibuyu vya Mama na Mnara wa Taa

Mtoni, Temeke
Jumapili asubuhi

Kwa dada yangu Zuhura, mwalimu wa darasa la nne na mkaguzi mkuu wa barua zangu,

Shikamoo dada. Shikamoo na Mama, ambaye najua amekaa hapo kwenye mkeka anasikiliza, basi soma taratibu na usiruke mistari kama kawaida yako. Mgongo wake unaendeleaje? Na wewe kile kikohozi cha vumbi la chaki kimepoa? Mie huku mzima, nimenenepa, nimependeza, wasichana wa Mtoni ndio mashahidi. Hapo mwisho usisome kwa sauti.

Barua yangu nimeipata. Yaani yangu mwenyewe, uliyonirudishia na wino mwekundu mpaka pembezoni kama daftari la mtoto mzembe. Dada, hivi mdogo wako aliyeishia kidato cha pili akikuandikia lazima umpe alama? Nakubali herufi zangu zinapotea njia. Lakini pale nilipoandika "mie na Chande tumeamua kuzamia meli", wewe ukapiga mstari, ukaandika pembeni: "Si sahihi. Sema kupiga mbizi." Hapo, mwalimu, umekosa wewe. Huku mjini kuzamia ni kujificha ndani ya meli ya mizigo bila mwenye meli kujua, unakaa huko chini gizani na mkate na maji yako, mpaka uibukie Ugiriki au Afrika Kusini. Vijana kibao wa hapa ndiyo ndoto yao. Siku hizi za ruksa, vitu vya nje vimefunguliwa, kila mtu anataka suruali ya jinsi na redio kaseti, na wenye navyo ni mabaharia.

Sasa wewe ukamsomea Mama kwamba mwanawe kaajiriwa kupiga mbizi baharini. Mwanawe huyu ambaye pale bwawa la Igombe maji yakimfika magotini alikuwa anaita watu!

Ngoja nianze na kazi, maana sikukueleza vizuri. Tangu mwezi uliopita napaka rangi mnara wa taa upande wa Kigamboni. Mwambie Mama si mnara wa msikiti, asije akatangaza nimekuwa muadhini. Huu ni wa meli. Mrefu kuliko mwembe wowote hapo Tabora, ndani una ngazi inayozunguka mpaka kichwa kinakuuma, na huko juu kuna taa kubwa ya vioo. Mie nje naning'inia kwenye ubao uliofungwa kamba, ndoo ya rangi pembeni, brashi mkononi, na naimba. Wenzangu wawili walipanda siku ya kwanza wakashuka wanatetemeka. Mie nilipanda nikaomba chai iletwe huko huko.

Mtunza taa anaitwa Mzee Kondo, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, kwa hiyo kutwa nzima ni matusi ya heshima. Yeye hukaa chini kivulini na kikombe chake cha kahawa ananipigia kelele: "We mbeba mizigo! Umeacha doa hapo kwapani pa mnara!"

Mie na Chande wetu wa hapo Tabora, zamani, kabla sijapata kazi hii, tulikuwaga tunakaa ufukweni jua likishazama tunaiangalia ile taa inavyokonyeza. Chande ananiambia, "Unaona, mwana? Inatuita." Nami nikaamini. Nilijua taa ni ya kuita watu. Basi siku moja niko juu, nikaona meli kubwa inakuja imenyooka kabisa na sisi, halafu ghafla ikapinda, ikaenda zake mbali. Nikapiga kelele:

"Mzee, mbona inatukimbia? Taa yako si inaiita?"

"Inaiita ije wapi?" akajibu. "Ije ipande mwamba? Mnyamwezi wewe, ungepewa meli ungekuja kuiegesha hapa uani kwangu!"

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nilipoteremka akanieleza vizuri. Taa ina maneno mawili tu, anasema: mie nipo hapa, na hapa pana mwamba. Basi. Pa kwenda atajua nahodha mwenyewe. Na mchana taa haiwaki, mabaharia wanautambua mnara kwa rangi zake, nyekundu na nyeupe, ndiyo maana ananisimamia kama askari. Kwa hiyo dada, andika hilo ubaoni watoto wakusomee: mchana, taa ni mimi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Chande alishapata habari za meli inayotoka Ijumaa, na mtu wa kutupitisha getini. Nilishafunga kifurushi changu. Sitakudanganya, ilibaki kuondoka tu.

Jumanne ndipo akatokea jirani yetu wa huko nyumbani, Masudi fundi cherehani, ametoka stesheni kwenye treni, kabeba mzigo umeshonewa kwenye kipande cha kanga ya Mama. Nikaufungua pale uani mbele za watu. Vibuyu viwili vikavu, midomo imezibwa kwa nta, vimeunganishwa kwa kamba ya katani. Masudi akakohoa, akatoa salamu kama alivyotumwa, neno kwa neno:

"Mama yako anasema, kimoja huku, kimoja huku, chini ya makwapa. Na usivivue hata wakikwambia maji mafupi."

Dada, ua mzima ulilala chini kwa kicheko. Mama mwenye nyumba alishika ukuta. Chande alikaa kwenye ndoo akalia kwa kucheka: "Ugiriki na vibuyu! Wazungu watajua tumeleta pombe!" Nami nikacheka, tena kuliko wote.

Kisha nikavipeleka ndani, nikainusa ile nta. Nta ya mzinga wa kule kwetu. Na ule mgongo wake, nikamwona ameinama jikoni anaiyeyusha, anaziba, anajaribu kwenye beseni kama maji yanapita. Hakusema usiende. Wala hakusema rudi. Hakuelewa hata naenda kufanya nini. Alijua jambo moja tu, kwamba mwanawe hajui kuogelea, akanionyesha hapo tu palipo na hatari. Nikakaa kitandani na vibuyu mapajani, kicheko kikaniisha.

Jioni yake nikamwambia Chande siendi.

"Umeogopa," akasema.

"Nimeogopa, ndiyo."

"Kwa ajili ya vibuyu?"

"Kwa ajili ya vibuyu."

Alinitukana matusi ambayo ukiyasoma utamaliza kalamu nyekundu. Akaondoka. Alhamisi akarudi, hakukaa, alisimama mlangoni anaangalia pembeni, akasema, "Basi nipe kimoja." Nikaikata kamba, nikampa. Alikificha ndani ya shati. Hatukucheka.

Ijumaa mchana nilikuwa juu mnarani, nimebakiza mstari mwekundu wa chini ya taa, meli ikatoka. Niliitambua kwa jina. Nikapunga brashi kama mwehu, rangi ikamdondokea Mzee Kondo kwenye kofia yake ya Ijumaa. Nikasubiri tusi. Akauliza tu, "Yumo nani?" Nikasema rafiki yangu. Akaivua kofia, akaitazama meli, akasema, "Malizia mstari wako, kijana. Wanautazama."

Dada, nashukuru. Nakwambia leo bila utani. Ungejua maana ya kuzamia ungeniandikia kurasa nne za ukali, nami kwa ubishi wangu huu ningepanda meli nikiwa nimezishika mkononi. Kosa lako la wino mwekundu ndilo lililonibakiza. Na Mama, asante. Asante kwa vibuyu, asante kwa kunijua mwanao nilivyo na majigambo yangu yote. Mzee Kondo amesema rangi ikiisha nibaki nimsaidie kufuta vioo. Nimekubali.

Msalimie Bibi, mwambie mjukuu wake hajasahau dua. Msalimie mjomba Saidi fundi baiskeli, ile spana yake ninayo mie, asiendelee kumsingizia mtu. Watoto wako wabusu, yule mdogo mfinye kidogo kwa niaba yangu.

Na sasa jambo moja, hili usilisome kwa sauti kabla hujafikiria. Mama yake Chande hajui kitu. Nenda kwake mwenyewe kwa miguu, usimtume mtoto, usimpe barua hii. Kaa naye kwanza. Akikuuliza mwanawe atafika wapi, usimdanganye, sema Hamisi hajui. Lakini mwambie siku ile nilikuwa juu, niliitazama meli mwanzo mpaka mwisho bila kupepesa, na mwamba iliuacha mbali kabisa.

Mdogo wako mtiifu (saa nyingine),
Hamisi