Hoki ya Miiko

Eddah! Uko? Leo nimejiaibisha mbele ya shule nzima.

Unamkumbuka Fintan, yule mwalimu wa kujitolea kutoka Ireland? Leo ametuletea mchezo wa kwao, hurling. Mnapiga mpira kwa fimbo bapa. Mimi nami, mwalimu mzima wa michezo, nikaropoka, "Kumbe ni hoki ya miiko ya ugali!"

Weh! Fintan akawa mwekundu kama nyanya.

"Madam Penina, Waingereza waliupiga marufuku mchezo huu. Babu zetu wakaucheza tu. Bila huu sisi si Wairishi."

Mimi natamani kurudi kwetu Mghange kwa miguu.

Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na nyinyi Wadawida, mchezo wenu ni upi?"

Eddah, akili ilinitoka. Nikasema ARSENAL.

Arsenal!! Watoto walicheka mpaka wengine wakalala kwenye nyasi.

Fintan akashika kichwa. "Si hiyo ni ya Waingereza?"



Watoto walipoingia darasani akanisogelea, akaangalia nyuma, akaninong'oneza: "Tafadhali usiwaambie. Mimi ni Liverpool tangu utotoni."