Kadi ya Njano ya Kwenda kwa Noela

Jumanne, 8 Julai 2025

Noela amepiga simu kutoka Kigali. Mapacha wamekaa vibaya tumboni. Daktari atampasua Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 17, asubuhi. Mama mkwe wake alishafariki, mume hajui hata kushika mtoto mmoja, sembuse wawili. Anamtaka mama yake awepo kabla hajaingizwa chumbani.

Mama yake ni dada yangu Salome, wa Tinde. Nyonga inamsumbua. Safari ya basi hawezi – akikaa saa mbili bila kujinyoosha, anashushwa na watu wawili.

Nikasema: nitampeleka mimi, kwa gari langu, Noah yangu. Kigali kwangu ni kama kwenda Katoro kununua chumvi. Noela akacheka. Akauliza, Mjomba, hutapotea kama mara ile ulipokwenda na mchele? Nikasema mara ile nilipotea makusudi, nione nchi.

Mke wangu alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

Hati ya kusafiria Salome anayo, Noela alimhimiza tangu Pasaka. Pasipoti ninayo. Mpya kabisa, kurasa nyeupe. Ile ya zamani ilijaa mihuri, niliitupa.

Jumatano, 9 Julai

Kwa wakala wa bima, hapa hapa Kalangalala, Geita. Binti anaitwa Dorah, kibanda chake kiko kati ya duka la betri na saluni. Nikamwonyesha bima yangu ndogo, bado hai. Akasema hiyo haivuki mpaka. Ya kuvukia inakatwa ya muda mfupi juu ya hii – Kadi ya Njano. Nikamwambia, mwanangu, hiyo kadi nilitembea nayo wewe ukiwa unanyonya.

Siku ngapi? Saba, nikasema, na zitabaki.

Akaeleza pole pole kama mwalimu: hii inalipa wale utakaowagonga huko. Gari lako likiumia, utajijua mwenyewe. Nikasema Maige hagongi. Akauliza kama nimeshawahi kuendesha Rwanda. Nikasema barabara zao zinanijua kwa jina.

– Basi unajua kule wanapita kulia.

– Kulia, kushoto, mimi napita penye lami!

Kulia. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimesahau.

Halafu akaingiza namba ya gari kwenye simu yake. Akaangalia. Akaniangalia. "Baba, kumbe wewe ndiye Deusdedit?" Kwa sauti! Na kulikuwa na watu wawili kwenye benchi, mmoja wa mtaa wangu.

Kadi ya gari bado ina jina la Deusdedit wa Ushirombo. Mwaka wa sita huu. Bima nalipia kwa namba ya gari, hakuna aliyewahi kuuliza jina. Geita nzima inajua kwamba Noah hii nilikwenda kuitoa bandarini mwenyewe, imetoka Japani, kwa dhahabu ya Nyarugusu niliyoitoa mimi, kipande sawa na figo ya mbuzi. Kwa Deusdedit ilipita tu. Mambo ya karatasi.

Dorah anasema kubadilisha jina si kazi ya wiki moja. Nilete barua ya mwenye gari, anaruhusu nivuke nalo, na muhuri wa mtendaji wa kata yake. Bila barua, hata akinikatia kadi, mpakani Rusumo watanigeuza.

Nikasema nduhu tabu, hakuna tabu.

Tabu ipo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempigia Deusdedit mara tatu. Hapokei. Jioni ametuma ujumbe: Jumatatu niko nyumbani, njoo.

Mambo mengine hayakuandikwa. Hata shikamoo ya mke wangu niliyomtumia hakuijibu.

Jumamosi, 12 Julai

Alfajiri uwanja wa shule. Nimezunguka na Noah, mti wa goli nikaufanya Kigali. Kupita kulia si kazi kwa mtu aliyezoea. Shida iko kwenye kona. Mkono unajua kwao. Mara nne nimejikuta kushoto, mara moja ndani ya goli.

Mlinzi akaja na rungu. "Mzee, unatafuta nini?" Nikamwambia napima tairi. Akasema tairi gani zinapimwa kwenye kumi na nane. Akakaa kwenye jiwe, akaangalia mpaka mwisho. Nilipotoka akapiga makofi.

Jumapili, 13 Julai

Tinde. Nimelala kwa Salome. Amefunga mizigo mitatu – michembe ya viazi, karanga, na khanga za wajukuu ambao hawajazaliwa. Majina hayana kikao, ni Kulwa na Doto tu, hata wakizaliwa kwa Wanyarwanda.

Jirani zake walikuja kuniangalia. Nikawasimulia siku tisa nilizofukiwa duarani, kwenye shimo la dhahabu la Nyarugusu, nikanusurika kwa kunyonya maji ya kwenye mwamba. Mzee mmoja alisema mwaka jana zilikuwa siku saba. Nikamwambia mwaka jana nilikuwa najishusha.

Jumatatu, 14 Julai

Niandike kama ilivyokuwa.

Tumefika Ushirombo saa nne. Nilipanga Salome abaki garini. Nikamwambia naingia kidogo kusalimia rafiki, nyonga yako ipumzike. Akasema sawa.

Deusdedit amekuwa katekista. Amenenepa. Alikuwa anapura maharage uani. Akanipa mkono, akauliza gari linaendeleaje – kama mtu anayeuliza habari za mtoto aliyempeleka kulelewa. Nikamwambia kisa cha Noela. Hapo akaweka fimbo chini. "Mapacha? Twende kwa mtendaji sasa hivi."

Kwa mtendaji nikatoa barua niliyoiandika mwenyewe, mwandiko mzuri. Inasema gari ni la Maige na jina la Deusdedit limebaki kwa makosa. Mtendaji, mwanamama mkavu, akauliza mkataba wa kuuziana uko wapi. Hakuna mkataba. Kule duarani tulikuwa tunapeana mikono. Akasema mikono haina muhuri. Akaandika yake: Mimi Deusdedit nimemruhusu Maige kutumia gari langu kwenda Rwanda na kulirudisha.

Na kulirudisha!

Akataka shahidi, mtu wa upande wangu. Nikasema nimekuja peke yangu. Deusdedit akasema, na yule mama kwenye gari? Akaenda mwenyewe kumleta, akamshika mkono kwenye ngazi. Salome akatoa miwani mkobani, ile anayosomea nyimbo kanisani tu, akaisoma barua yote. Kwa sauti. Salome hajawahi kusaini kitu asichokisikia. Alipofika "gari langu" akanitazama juu ya miwani, akaendelea. Akasaini.

Ningeondoka hapo. Lakini Deusdedit hakubali mgeni aondoke bila kula. Tukarudi kwake. Mezani akaonja maharage ya mke wake, akamwambia dada yangu:

– Mama Noela, matamu haya. Lakini hayafiki ya mdogo wako. Miaka minne ametupikia pale duarani! Watu walikuwa wanapanda juu kabla hawajaitwa.

– Amewapikia?

– Maige? Ndiye alikuwa mpishi wetu. Kushuka chini hakuweza, kichwa kinamzunguka. Ngazi ya tatu tu tayari analia.

Mke wa Deusdedit alicheka mpaka akajifuta macho. Nikasema ilikuwa malaria.

Salome akasema taratibu: mbona alituambia alifukiwa siku tisa?

Deusdedit akaacha kula. Akasema aliyefukiwa ni yeye. Siku tatu, si tisa. Wenzake siku ya pili walikata tamaa, wakaanza kuulizana nani atampelekea mke wake habari. "Huyu ndiye alikaa pale juu. Kuna mpira wa hewa ulikuwa haujabanwa. Akanishushia uji kwa mpira ule, asubuhi na jioni, huku ananipigia hadithi. Ati amewahi kuendesha lori mpaka Kigali, ati huko alipigana na simba wawili. Nikasema siwezi kufa kabla sijajua yule simba wa pili alikwenda wapi." Akanionyesha kwa kijiko. "Gari sikumuuzia. Nilimpa. Kutobadilisha kadi ni uvivu wake."

Nikaomba maji.

Uji ulikuwa wa ulezi. Hilo hakulisema.

Kutoka pale mpaka Katoro Salome aliangalia dirishani. Mimi niliendesha vizuri sana. Tulipopita sokoni ndipo akauliza, uji ulikuwa wa nini? Nikasema ulezi. Na sukari? Kidogo. Akarudi kuangalia dirishani.

Jumanne, 15 Julai

Dorah amekata kadi. Njano kweli, kama ua la alizeti. Imeandikwa jina la mwenye gari, namba ya gari, injini, nchi ninazoruhusiwa, na tarehe: kuanzia 16 mpaka 22 Julai. Akanipa na ushauri – pembetatu mbili, kizima moto, barua iwe juu ya karatasi zote. "Na baba, ukichoka, simama. Usione aibu." Mtoto mdogo ananifundisha kuchoka.

Nikapita nayo kijiweni. Wakaipokezana, wakaipima kwa jua. Wa benchi la Dorah alikuwepo. Akasema, "Shikamoo, Deusdedit!" Wakacheka wote. Zamani ningewajibu mpaka wakimbie. Nikaichukua kadi yangu nikaondoka.

Mke wangu amepika. Ameniambia kitu kimoja: Salome akikuuliza, mjibu.

Akiuliza nini? Hakusema.

Jumatano, 16 Julai

Rusumo, upande wetu. Saa nane mchana. Naandikia juu ya usukani.

Tumetoka Geita saa kumi na moja alfajiri. Biharamulo tukanywa chai. Kila baada ya saa moja nasimama, Salome anajinyoosha, anazunguka gari mara mbili, tunaendelea. Noela amepiga mara tano. Leo jioni anaingia wodini. Kesho saa mbili asubuhi, saa za kwao, ndiyo zamu yake. Mara ya mwisho hakuongea na mimi. Alimwambia mama yake anaogopa. Salome akamwambia tupo karibu, mjomba wako anaijua njia.

Hakuniangalia aliposema hivyo.

Uhamiaji, sawa. Pasipoti yangu imepata muhuri. Ofisa aligeuza kurasa, moja moja, akaugonga ukurasa wa kwanza. Salome alikuwa amesimama nyuma yangu.

Mtu wa bima akaichukua Kadi ya Njano. Akalinganisha namba. Akasoma barua ya Ushirombo mpaka chini, mpaka jina la shahidi. Akauliza shahidi ni nani, Salome akanyoosha kidole kama mwanafunzi. Akasema vizuri, safari njema, siku saba. Karatasi zote zimekubali. Hakuna hata moja iliyokataa.

Kilichobaki ni mimi.

Daraja liko pale mbele. Malori yanakwenda, yakifika ng'ambo yanahamia kulia kama watu wanaokwepa dimbwi. Nimehesabu kumi na saba. Nikamwambia Salome tuache injini ipoe. Ilikuwa imeshapoa. Akasema sawa. Akashuka, nikajua anajinyoosha. Kumbe amekwenda kwenye foleni ya malori, na nyonga ile ile, anagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Nilimsikia akisalimia kwa Kisukuma mpaka mmoja akamwitikia.

Kijana wa Kahama, anaitwa Marselino, anapeleka mchele Kigali. Kioo changu kilikuwa wazi. Salome alimwambia, "Mdogo wangu hajawahi kuvuka hapa. Binti yangu anapasuliwa kesho." Hivyo tu. Hakushusha sauti. Wala hakuniita mwongo.

Marselino akaja dirishani kwangu. "Shikamoo mjomba. Fuata mkia wangu. Nikihama, hama. Kwenye mizunguko usinipite, hata nikitambaa." Nilikuwa na maneno mengi. Ya lori la mchele, ya mwaka ule, ya simba. Nikasema marahaba.

Salome amerudi ndani. Amefunga mkanda. Ameuliza lile swali ambalo mke wangu aliniambia nilijibu: "Maige, mdogo wangu. Umewahi?"

Nikamwambia ngoja niandike kitu kwanza.

Sijawahi. Rwanda sijawahi, Uganda sijawahi, Burundi nilifika mpaka kwenye kizuizi nikanunua ndizi nikarudi. Naandika hapa kwa sababu daftari hili halina msomaji.

Lori la Marselino limewaka. Amewasha taa za nyuma, zote mbili, mchana huu, kwa ajili yangu. Salome anauliza naandika nini. Nimemwambia namba ya lori.

Amefungua mkoba. Anatoa miwani.