Mzee Mmoja wa Kabila Lake

Dada Mwaba,

Jana jioni Mama Sampa amemrudishia shemeji yake bakuli la dagaa, tena hakumpa mkononi, kaliweka chini barabarani, mbele ya watu wote tuliokuwa bombani. Akamwambia, wewe Ng'andwe, kula mwenyewe, hicho kinywa kimeshazoea kula watu. Mzee wa watu akainama akaliokota. Mimi nilikuwa kwenye foleni na ndoo yangu. Nikaangalia pembeni.

Nisamehe, nimeanza kusema hata salamu sijatoa. Napiga makofi, dada, nimechuchumaa kama tulivyofundishwa, ingawa hunioni. Hujambo? Mgongo umepoa? Shemeji mzima? Na yule mdogo aliyekuwa na surua? Mihogo ya huko Mansa imeshika au mvua imewakimbia? Mimi mwili mzima, chakula napata, ila usingizi sina na kukaa mahali pamoja siwezi. Leo toka alfajiri nimefagia uwanja mara mbili. Barua hii isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Unamkumbuka mzee Kapasa, mume wa Mama Sampa, yule katibu wa kwanza wa chama cha wafanyakazi hapa mgodini, aliyeongoza ule mgomo mkubwa kabla sisi hatujazaliwa. Huu mwaka wa nne toka tumzike. Sasa halmashauri imejenga maktaba pale nyuma ya soko, na madiwani walishakubaliana iitwe kwa jina lake. Kibao kimeshachorwa, kimefunikwa gunia. Mama Sampa alikuwa anapita pale kila siku, anajifanya anakwenda kununua chumvi.

Na nilikuandikia mwaka jana kwamba nimepata kibarua kwa Daktari Mwiinga, yule mama Mtonga wa chuo kikuu Lusaka, anayeandika historia ya chama. Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha nyumba za wazee, kumbebea mashine yake ya kunasa sauti, na kumfafanulia Kibemba cha zamani kikimshinda. Wazee walimpenda. Mmoja alimuuliza kama ni kweli Lusaka mtu analipwa kwa kusikiliza, maana mke wake amemsikiliza miaka arobaini bure. Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Basi wiki tatu zilizopita kitabu kimefika. Karani wa halmashauri akakisoma kwa sauti pale ofisini, dirisha wazi, watu wamejaa nje. Wakaja kwenye ukurasa unaosema kwamba mzee mmoja wa kabila lake mwenyewe Kapasa, aliyefanya naye kazi chini ya ardhi, ameeleza jinsi Kapasa alivyouza mgomo kwa meneja wa Kizungu. Aliuza kwa baiskeli. Ndiyo maana watu walirudi kazini mikono mitupu. Jina la huyo mzee halipo, kwa sababu Daktari aliwaahidi wazee wote kuwaficha majina.

Dada, baiskeli ile kila mtu aliijua. Nyeusi, na kengele yake. Ng'andwe amepiga kelele kwamba kaka yake aliinunua kwa jasho, kwa zamu za Jumapili miaka miwili. Watu wakamuuliza, imeandikwa wapi? Toka siku hiyo watoto wanapita kwenye uzio wa Mama Sampa wanapiga kring kring kwa midomo. Sokoni wanawake wanamwambia, Mama Sampa, tupakie nyuma basi, tumechoka kutembea. Na diwani wetu anasema hawezi kuweka watoto wasome chini ya jina la msaliti. Leo saa nne wanakutana kupiga kura upya.

Mama Sampa amekaa akapiga hesabu zake. Wabemba waliofanya kazi shimoni na mumewe wamebaki watatu. Mmoja kiziwi, wa pili amepooza hata kusema hawezi. Wa tatu ni Ng'andwe. Na ni kweli ndugu hawa waliwahi kugombana juu ya baiskeli hiyohiyo, Ng'andwe alikuwa anaiomba ananyimwa. Kwa Mama Sampa imetosha. Mzee huyu ndiye aliyemwezekea paa mume alipokufa, kuni ndiye anayeleta, na Jumapili ndiye anayempeleka kanisani kwa mkono. Ameapa kwa kila kitu, mama hataki hata kusikia. Usiku wa juzi amenituma nimtafutie kamba ya kufungia mizigo. Anasema Jumatatu anarudi Kasama, akafe kwa watu wasiojua kusoma.

Nimempa kamba, dada. Nimempa mwenyewe kwa mkono wangu, na nilikuwa najua.

Aliyesema ni mzee Shawa. Yule Baba Mapalo, jirani yetu wa mtaa wa juu, mwenye sikio moja. Mngoni wa Chipata, mtani wetu sisi Wabemba. Kakaa hapa miaka hamsini, kachimba shimoni na Kapasa, Kibemba chake kinatushinda sisi, mgeni akimsikia hawezi kujua. Wewe ulishaolewa, hukumwona kwenye mazishi ya Kapasa. Aliingia ndani ya kaburi akalala chali, akasema hatoki mpaka Wabemba walete kuku, na wasijaribu kumpa nyani akidhani ni kuku, anawajua kwa kula nyani. Watu walicheka wakiwa na machozi. Wakajibu, toka humo mla panya wewe, utanuka maiti. Mtani wake wa kweli. Mimi nilimwona baadaye nyuma ya jiko, kaweka paji la uso kwenye ukuta, analia peke yake.

Siku tuliyokwenda kumnasa sauti alikaa bila kucheka, unajua alivyokuwa. Akasema, Kapasa? Mbemba ni Mbemba. Mwonyeshe kichwa cha nyani anakuuzia mama yake. Sasa meneja nyani hakuwa naye, akampa baiskeli, mgomo ukaisha. Mimi kicheko kilinibana mbavuni nikakimeza. Daktari aliandika haraka haraka.

Sasa hapa ndipo penyewe. Daktari si mjinga. Tulipotoka tu njiani akanisimamisha. Akasema hata kwao Watonga watani wapo, wanakutukana msibani mpaka mgeni anataka kuita polisi, na yale maneno ya nyani yamemtia wasiwasi. Akaniuliza wazi, Chewe, mzee huyu ni mtu wenu, au ni mtani? Maana sitaki niandike utani nikauita historia.

Nikamwambia ni mtu wetu.

Sikukosea, dada. Sikuteleza. Kwa wiki nyingi wazee walikuwa wanamsifu Kapasa kwa maneno yaleyale, Daktari amechoka, ameshaniambia wiki ile anafunga kazi. Aliposikia habari ya baiskeli uso ulibadilika. Akanishika bega akasema, Chewe, leo umenipeleka kwa mtu. Toka nilipotoka shule darasa la nne hakuna aliyewahi kufurahi kwa sababu yangu. Halafu palepale ananiuliza. Nikaona nikisema kweli ule mkono utaondoka begani. Nikasema ni wetu, wazee wa hapa ndivyo wanavyosema. Akaongeza mwezi mzima wa kazi. Zile nguo za watoto nilizokutumia zimetoka humo.

Baba Mapalo amekufa mwezi wa pili, kitabu hakukiona. Angekuwepo angesimama mwenyewe akawacheka wote. Sasa aliyebaki anayejua ni mimi, na mashine haisemi kabila la mtu.

Daktari amefika jana, ameitwa na madiwani. Nimekwenda mpaka mlango wa nyumba ya wageni mara mbili. Mara ya kwanza nikasikia anakohoa nikarudi. Mara ya pili nilishainua mkono kugonga, mhudumu akaniuliza nataka nini, nikasema nauliza kazi ya kukata majani. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Wasalimie wote, shemeji na watoto, na bibi mzaa mama ukifika kwake mpigie makofi kwa niaba yangu. Ukisikia nimefukuzwa hapa, niwekee nafasi ya mkeka tu. Ukisikia vibaya zaidi ya hapo, ujue vyote ni kweli.

Mama Sampa ameshafika kwenye uzio, ananiita. Shemeji yake hamtaki tena, ameniomba mimi nimshike mkono mpaka ukumbini. Anasema mimi ni kijana mtulivu, sina maneno. Lazima niondoke sasa hivi. Ni mitaa miwili tu, na kwa mwendo wake nina kama robo saa. Nataka jambo hili alisikie kwangu tukiwa njiani, mkono wake ukiwa kwenye wangu, kabla sijasimama kulisema mbele ya Daktari na madiwani. Akiuvuta mkono wake nitatembea nyuma yake, lakini nitafika.

Mimi mdogo wako,
Chewe