Utomvu kwenye kadi

Kampire,

Kompyuta yako haisomi ile memori kadi, na kosa si la kompyuta wala la mdogo wako Niyonsaba. Ni langu.

Jana niliichomoa nisikilize nyimbo za kwaya kwenye redio wakati naanika kahawa. Nilikuwa nimetoka kukata ndizi, na utomvu wa mikononi ukagandia vile vimeno vya dhahabu. Nikaukwangua kwa kisu. Redio ikakaa kimya. Nikairudisha kadi kama sijui kitu.

Asubuhi ulipomfokea mwenzio, "Mikono yako hiyo ya mafuta!", nilikuwa mlangoni nakunywa uji. Nikaendelea kunywa. Akaenda shule analia.

Usihangaike kuwasha na kuzima kompyuta. Kadi ninayo, naipeleka kwa fundi Seif, mjini Kayanga. ~~Ataiponya tu.~~ Kwenye simu amesema vimeno vikikatika hakuna dawa. Maharage yako jikoni, ongeza chumvi. Niyonsaba akirudi, mwambie ni baba.

Nilichoharibu: picha themanini na moja, na video moja ya marehemu mama yenu akiwaita mje kula. Sekunde arobaini. Sauti yake nyingine hatuna.

Baba yenu