Mahari ya Sufuria Moja

Malindi,
Jumapili, baada ya Alasiri

Kwa Kaka Taib,

Assalaam aleikum. Kabla hujasoma zaidi, nakuomba ufunge mlango. Kama Mama yuko karibu, ikunje barua hii uitie mfukoni, na neno lake hata moja lisikutoke mpaka nitakapokuruhusu. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu wewe husikiliza ujumbe wa simu kwa sauti kubwa, na Mama husikia yote hata akiwa jikoni anakaanga samaki.

Natumai nyote hamjambo huko Mombasa, na goti la Mama limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umekuwa ukienda mbio wiki hizi, na ukifika mwisho wa barua utajua kwa nini.

Uliniagiza nimlete Shangazi Mastura kwenu kabla ya mwezi kwisha. Ulisema fedha ya wazee anayopewa na serikali haimtoshi, na kwamba ni aibu dada wa marehemu Baba kuishi Mambrui peke yake hali sisi tupo. Najua umekwisha kumpakia rangi chumba. Sikubishana nawe, maana hata mimi ninayefanya kazi katika ofisi inayowashughulikia wazee hao siwezi kukwambia kwamba elfu mbili kwa mwezi zinatosha. Hazitoshi, Kaka. Zinanunua unga, mafuta, sukari na dawa ya presha, kisha mwezi unabaki mrefu. Na zikichelewa, wazee huja kukaa kwenye benchi letu wakitutazama kana kwamba sisi makarani tumezikalia.

Basi nilivuka mto Sabaki Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, nikiwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nilimkuta uani anapika wali wa nazi. Nilishangaa, kwa sababu alikuwa ameniambia kwamba mwisho wa mwezi hunywa chai kwa mkate akalala. Nazi zilikuwa rundo zima, na makaa yalikuwa gunia. Alipakua sahani tatu. Moja akaifunika kwa kawa jipya la rangi, akaniambia niipeleke nyumba ya nne, kwa Mzee Msellem, mshona kofia, na nisimwage mchuzi njiani kwa kutembea kama karani.

Nilipompelekea, mzee yule alinikaribisha kwa heshima iliyonitia wasiwasi. Alikula polepole, akanawa, akavaa kofia yake nzuri, ndipo akasema kwamba alikuwa akinisubiri. Kumbe wawili hawa walijuana kwenye foleni ya malipo. Walikuwa wakikaa benchi moja kusubiri, wakalalamika pamoja, na siku moja Shangazi akamwambia kwamba ni upumbavu mtu mmoja kuwasha moto wake kupika kibaba, na nyumba ya nne mtu mwingine kuwasha wake kupika kibaba. Tangu hapo yeye huleta makaa na nazi za minazi yake, Shangazi hupika. Lakini majirani wakaanza kuhesabu sahani. Mama mmoja akauliza kwa sauti, ili asikike, je, siku hizi serikali inalipa pia posho ya mapenzi? Mzee Msellem akasema hapendi Bi Mastura asemwe. Baba yetu hayupo, babu hayupo, na mawalii waliosalia, wenye haki ya kumwoza, ni wewe na mimi. Kwa hiyo, akasema, anaposa.

Kaka, mzee wa miaka sabini na sita aliniangalia mimi kama mkwe anavyomwangalia baba mkwe. Nilitamani sakafu inimeze.

Nilirudi kwa Shangazi nikamwambia jambo hili ni lako wewe, mkubwa. Akaniambia anakupenda sana, lakini Taib atataka kikao, na kikao kitazaa kikao kingine, na yeye ana miaka sabini na tatu, hana nafasi ya vikao. Nilipomtajia chumba chako akayachochea makaa. Kisha akasema Mombasa atakuwa mgeni mpaka afe, anakaa juu ya kitanda anangoja kuulizwa kama ameshiba. Hapa kwake, hata akilala na njaa, anajua mlango uko wapi. Alisema hivyo bila kulia, nami ndiye niliyetazama pembeni.

Sasa nikashikwa na hofu nyingine, ya kikazi. Niliogopa kwamba wakioana watakuwa nyumba moja, na malipo ya mmoja yatakatwa, kisha itasemwa kwamba karani wa ofisi ndiye aliyewaoza. Nikawashauri waoane kimya, na kila mmoja aendelee kulala kwake. Shangazi alinitazama tangu viatu hadi kichwa. Akasema ndoa si magendo, na kwamba kama Baba angenisikia angenirudisha chuoni nikaanze upya.

Ikabidi nimuulize mkubwa wangu, Bi Kadzo. Nilizunguka sana. Nilimwambia kuna mzee fulani, wa mahali fulani, anayetaka kumwoa bibi fulani. Aliniacha nimalize, jasho likinitoka, kisha akacheka mpaka akashika meza. Akasema bibi fulani alipita ofisini Jumatatu nilipokwenda kununua chai, akamwalika harusini, na akamuuliza swali hilo hilo kwa maneno machache. Malipo ni ya kila mzee kwa jina lake, kuoana hakumpunguzii mtu. Akaniuliza kama mimi ndiye walii, na kama nina kanzu safi.

Hapa ndipo penye kosa langu, Kaka. Sikuombi ushauri. Niliwaoza Ijumaa iliyopita, baada ya Alasiri, na sikukungoja.

Msikiti ulijaa. Nilipoketi mbele ya Mzee Msellem na kumshika mkono, maneno yote niliyofundishwa na Imamu yakanitoka. Nikafungua kinywa, nikasema kama ninavyosema kila asubuhi: Mzee, kitambulisho tafadhali. Naye, kwa mazoea, akatia mkono wa pili mfukoni mwa kanzu akakitoa, kimefungwa kwenye nailoni. Watu walicheka mpaka Imamu akaomba utulivu huku yeye mwenyewe akifuta machozi. Baada ya hapo hofu iliniisha. Nikamwambia kwa sauti: Nimekuoza Mastura binti Abdulkadir kwa mahari mliyokubaliana, naye akaitikia kwamba amekubali, sauti yake ikipasuka kama ya kijana.

Mahari aliyoitaka Shangazi ni sufuria moja kubwa yenye mfuniko. Alisema alizonazo zote ni za mtu mmoja.

Amehamia kwa mumewe. Nyumba yake ameipangisha kwa mwalimu Monicah, ambaye kodi yake, anasema Shangazi, haijui kuchelewa kama serikali. Ukiniuliza leo kama fedha ile inatosha, jibu langu ni lile lile. Lakini jana usiku nilikula kwao, na kulibaki ukoko wa kugombania.

Nisamehe kwa kukutangulia. Mama nitakuja kumwambia mwenyewe Jumamosi, asisikie kwa mwingine. Chumba usikifunge. Shangazi anasema watakuja wote wawili baada ya Idi, ila kitanda cha futi tatu ukibadilishe.

Wasalimie watoto wote, na umbusu Mama mkono bila kumwambia busu limetoka kwa nani.

Ukitaka kunigombeza, usinipigie mchana, Bi Kadzo husikiliza na kucheka. Nipigie baada ya Isha. Ama njoo Ijumaa yoyote, utanikuta Mambrui kwa chakula cha mchana. Usiende nyumba ya zamani. Hesabu milango minne kutoka hapo kuelekea msikitini, usimame usikilize. Ukisikia wazee wawili wanabishana juu ya chumvi, usibishe hodi mara mbili. Ingia, sahani yako ipo.

Mdogo wako,
Azim